Nguzo na Msomaji Wake: Graham Rowntree na Sanaa ya Skramu

Msikilizaji wa shairi hahesabu mizani. Hufuata maana, hungojea vina, hutikisa kichwa panapompendeza. Lakini ile hesabu iliyouchukua kila mshororo tangu mwanzo hata mwisho haimpitii moyoni. Mshororo mmoja ukipungukiwa na mizani mbili, hapo sikio lake hushtuka, na mara hiyo mtunzi hulaumiwa. Mizani basi ina bahati ya kazi zote za kubeba: ikitimia hainenwi, ikikosekana hutajwa kwanza.

Bahati hiyo ndiyo aliyonayo katika mchezo wa raga yule mchezaji aitwaye propu, neno ambalo maana yake ni nguzo ya kuegemeza. Kazi yake kubwa huonekana pale tu iliposhindwa. Kwa sababu hiyo maisha ya propu ni mtihani mgumu kwa mhakiki, na maisha ya Graham Rowntree wa England, aliyekuwa propu kwa miaka 17 kisha akawa mwalimu wa skramu, ni mtihani wenye manufaa kuliko mingi. Ndani yake limo swali ambalo wanafunzi wa fasihi nao hawawezi kulikwepa: kazi isiyoonekana yapimwaje, na ni nani mwenye haki ya kuipima?

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameijua raga kwa mchezo wa wachezaji saba, ambao Kenya iliupatia sifa ilipotwaa kombe la Singapore mwaka 2016. Katika mchezo huo skramu ni ya watu watatu kwa watatu, nayo humalizika kabla jicho halijatulia. Raga ya wachezaji 15 ni jambo jingine. Humo watu wanane hushikamana mikono na mabega, wakakabiliana na wanane wenzao, na mpira hutiwa katikati yao chini. Uzito wa kila kundi katika michezo ya mataifa ni karibu kilo 900. Mbele kabisa husimama watatu: mmoja wa katikati, ambaye kazi yake ni kuuvuta mpira nyuma kwa mguu, na mapropu wawili wa kumchukua, mmoja kushoto na mmoja kulia. Propu wa kushoto kichwa chake kina upande mmoja ulio wazi. Propu wa kulia kichwa chake hubanwa kati ya vichwa viwili vya wapinzani. Mbele yao mna nguvu za watu wanane, na nyuma yao mna nguvu za wenzao. Wao ndio mahali nguvu hizo mbili zinapokutana.

Mtazamaji aketiye jukwaani huona migongo tu. Haoni mkono umeshika wapi, haoni nyonga imeinama kiasi gani, wala hawezi kujua ni nani aliyeangusha skramu na ni nani aliyeangushwa. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na kwa mtazamaji, uzito wote ule ni usufi. Hata refa, aliye karibu kuliko wote, husimama upande mmoja, na upande wa pili humfichika. Walakini hana budi kuamua, na akishapuliza kipenga, uamuzi wake ndio kweli ya mchezo. Kwa maneno mengine, kazi ya propu ni maandishi yenye msomaji mmoja, naye huyasoma kwa jicho la nje. Hapo ndipo ilipo shida ya sanaa hii, na maisha ya Rowntree yaliizunguka shida hiyo tangu ujana wake hata ualimu wake.

Alizaliwa mwaka 1971, akaanza kuichezea klabu ya Leicester mwaka 1990, zama ambazo raga ilikuwa bado mchezo wa ridhaa. Malipo yaliruhusiwa mwaka 1995, na mwaka huo huo yeye akaingia timu ya taifa ya England. Leicester wakati ule haikuwavika wachezaji wake nambari bali herufi. Rowntree, propu wa kushoto, alivaa A. Richard Cockerill wa katikati alivaa B. Na Darren Garforth, propu wa kulia, alivaa C, hata watu wakawaita watatu hao jamaa wa ABC. Jina lilikuwa la mzaha, lakini lina uhakiki ndani yake. Herufi hizo tatu ndizo mtoto aanzazo kusoma, na hapana mtu mzima afunguaye kitabu akazishukuru.

Kwa klabu hiyo Rowntree alicheza michezo karibu 400. Alikuwamo ilipotwaa kombe la klabu za Ulaya mwaka 2001 na tena mwaka 2002, na aliichezea England mara 54. Mwaka 1997 alikwenda Afrika Kusini pamoja na Lions, timu inayokusanya wachezaji bora wa England, Scotland, Wales na Ireland, asipate nafasi katika ile michezo mikuu mitatu. Masikio yake yaliyosagika na kuvimba kwa miaka mingi ya kubanwa yakawa maarufu kuliko jambo lolote alilolitenda uwanjani. Hata sifa yake basi ilikuwa alama ya kazi, si kazi yenyewe.

Iko siku moja, hata hivyo, ambayo kazi yenyewe ilikaribia kuonekana. Tarehe 14 Juni 2003 England ilicheza na New Zealand mjini Wellington. Kipindi cha pili kilipoanza, wachezaji wawili wa England walio wa kundi la skramu, Neil Back na Lawrence Dallaglio, walijikuta nje kwa adhabu ya dakika kumi kila mmoja. England ikabaki na watu sita wa kusukuma dhidi ya wanane. Mbele walikuwamo Rowntree na Steve Thompson. Nyuma yao walikuwa Martin Johnson, Ben Kay na Richard Hill. Skramu zikaundwa hatua chache tu kutoka mstari wa England, na New Zealand wakachagua skramu tena na tena, maana hesabu ilikuwa upande wao. Mstari haukuvukwa. Dakika zikaisha, waliotolewa wakarudi, na England ikashinda kwa pointi 15 kwa 13.

Tendo hilo linasifiwa hata leo, na ni vema kuangalia linasifiwa kwa nini. Hapakuwa na mbio, hapakuwa na pasi, wala hapakuwa na pointi hata moja iliyotoka katika zile skramu. Sifa yote ni kwamba jambo lililotazamiwa halikutokea. Daftari la mchezo lina mahali pa kuandika pointi zilizopatikana. Halina mahali pa kuandika pointi ambazo mpinzani alinyimwa. Ilikuwa lazima watu wawili watolewe, na hesabu ivunjike waziwazi, ndipo macho ya watu yakaona kazi ambayo Rowntree na wenzake walikuwa wakiifanya kila juma bila kutazamwa.

Miezi michache baadaye kocha mkuu, Clive Woodward, aliteua wachezaji 30 wa kwenda Australia kwa Kombe la Dunia. Mapropu wake walikuwa wanne: Jason Leonard, Phil Vickery, Trevor Woodman na Julian White. Rowntree hakuwamo. Wapo waandishi wanaoisimulia habari hiyo kama dhuluma, lakini mhakiki hana haki ya kulia pamoja nao. Kocha aliyerudi na kombe hashitakiwi kwa wepesi, na Woodman aliyecheza kushoto hakuwa mtu dhaifu. Kinachofaa kuangaliwa ni kile kilichotokea katika fainali yenyewe, maana kinalifafanua swali kuliko malalamiko yote.

Fainali ilichezwa Sydney tarehe 22 Novemba 2003. Skramu ya England ilikuwa imara, na wengi waliitazamia iitawale ile ya Australia. Walakini refa, André Watson wa Afrika Kusini, aliisoma kwa namna nyingine, akawaadhibu England mara kwa mara. Adhabu moja ya namna hiyo, dakika za kawaida zilipokuwa zikimalizika, ilimpa Elton Flatley mkwaju uliosawazisha 14 kwa 14. Katika muda wa nyongeza Leonard, mzee wa timu, aliingia mahali pa Vickery, na adhabu za skramu zikakoma. Hakuja na nguvu kuliko za mwenziwe. Alikuja na nia ya kutompa refa sababu. Alisimama wima, akashika mahali panapoonekana, akaacha kutafuta ushindi wa mabega. England ikashinda 20 kwa 17. Leonard alitambua usiku ule kwamba propu hashindi kwa kuwa na haki, bali kwa kuwa na haki inayosomeka.

Hili ndilo somo ambalo Rowntree alilichukua kuwa kazi ya nusu ya pili ya maisha yake. Aliacha kucheza mwaka 2007, akaanza kufundisha, na mwaka 2009 akarudi Afrika Kusini akiwa mwalimu wa skramu wa Lions. Mchezo wa kwanza, mjini Durban tarehe 20 Juni, ulikuwa msiba kwa upande wake. Phil Vickery, mmoja wa wale wanne walioteuliwa mwaka 2003, alikabiliwa na Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akiichezea Afrika Kusini. Vickery alinyanyuliwa na kupindwa, na refa akamhukumu yeye mara baada ya mara. Mapema katika kipindi cha pili aliondolewa mbele ya dunia nzima, akaingia Adam Jones wa Wales, na skramu ikatulia. Lakini Lions walishindwa 26 kwa 21. Ubishi ulibaki kama Mtawarira aliingia kwa unyofu au kwa pembe. Kwa Vickery ubishi huo haukuwa dawa, kwa sababu hukumu ilikwisha kutolewa.

Katika mchezo wa pili, mjini Pretoria, Jones na propu mwenziwe Gethin Jenkins waliumia wote wawili, na Lions wakashindwa 28 kwa 25. Kwa hiyo tarehe 4 Julai, mjini Johannesburg, Vickery alirudishwa kwenye safu ya mbele, wiki mbili tu baada ya aibu ya Durban. Skramu yake ikasimama, adhabu zikageuka zikawa za wapinzani, na Lions wakashinda 28 kwa 9. Sehemu kubwa ya sifa ni ya Vickery mwenyewe, maana mwalimu hawezi kumtia mtu moyo ambao hana. Lakini mwalimu hupimwa kwa mwanafunzi aliyeanguka kuliko kwa yule aliyekuwa hodari tangu hapo. Na yafaa kukumbukwa kwamba mtu aliyeachwa nyumbani mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kuinuka mtu aliyechukuliwa.

Ualimu wa namna hii si jambo jepesi. Propu hujua kwa shingo na kwa nyayo. Hujua kwamba goti likiwa mbele kidogo kuliko linavyopasa mgongo utapinda. Hujua pumzi ya mpinzani inapopungua. Maarifa hayo hayana msamiati, na wengi waliokuwa nayo walikwenda nayo. Anayetaka kuyafundisha analazimika kuyapa majina, kuyagawanya, kuyapanga hatua kwa hatua, kama vile mjuzi wa ushairi alivyolazimika kuyaita vina na mizani yale ambayo malenga wa kale aliyajua kwa sikio tu. Tena analazimika kumfundisha mwanafunzi kujiona kwa macho ya refa: si kuuliza tu kama amesimama vema, bali kuuliza kama aliyesimama kule kando anaona kwamba amesimama vema.

Je, njia hiyo yatosha? Miaka miwili, 2013 na 2015, inajibu swali hilo kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuibuni. Tarehe 6 Julai 2013, mjini Sydney, Lions walicheza mchezo wa tatu na Australia. Rowntree alikuwa tena mwalimu wao wa skramu. Refa alikuwa Romain Poite wa Ufaransa. Lions waliivunja skramu ya Australia. Propu Ben Alexander alitolewa kwa kadi ya njano kwa makosa ya skramu yaliyorudiwa, na Lions wakashinda 41 kwa 16. Tarehe 3 Oktoba 2015, mjini London, England walicheza na Australia katika Kombe la Dunia walilokuwa wenyeji wake. Mwalimu wa skramu ya England alikuwa Rowntree yule yule, na refa alikuwa Poite yule yule. Safari hii waliohukumiwa walikuwa England. Joe Marler aliadhibiwa kwa kuingia kwa pembe, Australia wakashinda 33 kwa 13, na wenyeji wakatoka katika hatua ya makundi. Kabla mwaka haujaisha, kocha mkuu mpya aliingia, na Rowntree akapoteza kazi yake.

Wapo watakaosema kwamba refa alikuwa mwema mwaka 2013 na mbaya mwaka 2015. Huo ni uhakiki wa mtoto. Australia ilikuwa imepata mwalimu wa skramu, Mario Ledesma wa Argentina, ambaye naye alicheza safu ya mbele kwa miaka mingi, na ambaye aliwafundisha watu wake kusimama na kuonekana wamesimama. Kile alichokuwa nacho Rowntree peke yake mwaka 2013, mwaka 2015 kilikuwa na mwenyewe wa pili. Maarifa yaliyopewa majina hayana mlinzi. Mara yatamkwapo, huokotwa na wengine. Kwa mwalimu wa England hiyo ilikuwa hasara chungu. Kwa sanaa yenyewe ilikuwa faida.

Hapa hapana budi kutaja jambo zito kuliko makombe. Skramu ikianguka vibaya, shingo ya propu ndiyo ilipayo, na wapo vijana walioondoka uwanjani wasiweze kutembea tena. Sheria za mchezo zimebadilishwa mara nyingi kwa ajili hiyo. Tangu mwaka 2013 refa huwaita wachezaji kwa maneno matatu, ya kuinama, ya kushikana na ya kuingia, nao hushikana kabla ya kuingia, ili kishindo cha kugongana kipungue. Kwa hiyo unyofu wa skramu si adabu tu ya kumpendeza refa. Skramu inayosomeka aghalabu ni skramu isiyoanguka. Mwalimu anayemfundisha kijana hila ya kuficha mkono anaweza kumpatia ushindi wa siku moja. Anayemfundisha kusimama mahali panapoonekana huenda amemwachia uti wa mgongo mzima. Kwa kipimo hiki tofauti kati ya mwalimu na mjanja yaonekana waziwazi, na daftari la ushindi haliwezi kuionyesha.

Baada ya mwaka 2015 Rowntree alizunguka. Mwaka 2019 alikwenda Ireland kufundisha watu wa mbele wa Munster, klabu ile ile ambayo Leicester yake iliishinda katika fainali ya Ulaya ya mwaka 2002. Fainali ile yenyewe inakumbukwa kwa skramu: zikiwa zimebaki dakika chache, Neil Back aliupiga kwa mkono mpira uliokuwa mikononi mwa Peter Stringer wa Munster alipokuwa akiutia, ukaingia upande wa Leicester, na refa, aliyekuwa upande mwingine, hakuona. Watu wa Munster hawakusahau. Walakini walimpokea mtu wa Leicester, wakamfanya kocha mkuu mwaka 2022, na Mei 2023 wakashinda chini yake fainali ya ligi mjini Cape Town dhidi ya Stormers, 19 kwa 14. Aliondoka hapo mwezi Oktoba 2024.

Hukumu juu ya mtu huyu isitafutwe basi katika orodha ya alivyovishinda, kwa maana orodha hiyo ina pengo la mwaka 2003 na jeraha la mwaka 2015, na wengine wana orodha ndefu kuliko yake. Itafutwe katika tofauti kati ya nusu mbili za maisha yake. Katika nusu ya kwanza alifanya kazi ambayo wasomaji wake hawakuwa na lugha ya kuisoma, nao wakamsahau walipoteua majina. Katika nusu ya pili hakukaa akawalaumu wasomaji, bali alishiriki kuitengeneza lugha hiyo, akawapa wengine, hata wale waliokuja kumshinda kwayo. Wengi waliodharauliwa hutaka kuonekana wao wenyewe. Yeye aliifanyia kazi ionekane ile kazi yenyewe, na kwa sababu hiyo propu kijana wa leo, akiinama mbele ya watu wanane, anayajua majina ya mambo ambayo jamaa wa ABC waliyajua kwa maumivu tu.